Karata Aliyosomewa Nahodha

Majid Said alikuwa na miaka ishirini na tano mwaka ule wa 2003, na katika vijana waliokuwa wakikutana barazani kwao, Kiponda, ni yeye peke yake aliyesoma Kiingereza bila ya kukwamakwama. Alikaa Maskati miaka minne kwa ami yake, akasoma skuli huko, mpaka babake alipofariki akarudi Unguja kukaa na mamake na dadake, Maha, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyokuwa kubwa kuliko watu waliobaki ndani yake. Kazi yake ilikuwa kujaza hati za mizigo katika ofisi ya wakala mmoja wa meli. Ofisini hakuwa na neno. Lakini akishatoka, akala, akaswali alasiri, hutoka barazani na karata zake, na hapo huwa mtu mwengine kabisa.

Hazikuwa karata hizi za shupaza na kopa. Wenyewe waliziita karata za majeshi. Kila moja ina picha ya kiumbe au ya mtu, na chini ya picha pana maandishi ya Kiingereza yanayoeleza huyo anafanya nini akitiwa uwanjani. Sanduku la kwanza alilileta binamu yake Badar kutoka Maskati. Baadaye duka moja la madaftari Darajani likaanza kuuza vipakti vyake. Kipakti kimefungwa, hujui utatoa nini. Katika zote ulizonazo unachagua arubaini, ndilo fungu lako, na mwenzako ana lake. Kila mmoja anaanza na roho ishirini. Anayemaliza roho za mwenzake ndiye aliyeshinda.

Walikuwa vijana kama kumi, mafundi na wauza duka, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza. Kwa hiyo mtu akipata karata mpya humpelekea Majid. Majid huisoma, huifasiri, na alivyoifasiri ndivyo inavyochezwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza mara ya pili. Jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Nahodha alikuja mwishoni, akiletwa na Mazin, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na nyumba ya kina Majid. Nahodha, hilo ndilo jina lake, alikuwa kijana wa Makunduchi, wa miaka ishirini na moja, seremala katika karakana ya makasha Mkunazini, akilala kwa shangazi yake Jang'ombe. Hakuwa na uwezo wa kununua vipakti. Mwezi mzima alikaa akitazama tu, kisha akaanza kuomba zile karata ambazo wenziwe walizitupa pembeni kwa kuwa hazina maana. Walimpa bila ya kuhesabu. Nyingi zilikuwa siafu: mdudu mmoja, nguvu moja, anakufa akiguswa. Kila kipakti kilikuwa na siafu mmoja au wawili, na watu walikuwa wakizitumia kuwekea alama vitabuni.

Siku moja aliwahi kufika kabla ya wenziwe, akazipanga karata zake juu ya mkeka na kumwonyesha Majid alichokuwa akikitengeneza. Aliongea kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza namna ya kuunganisha mbao. Siafu peke yake si kitu, alisema. Lakini ipo karata ya Mzishi, ambayo nayo hakuna aliyeitaka: maadamu Mzishi yumo uwanjani, kila kiumbe wako akifa, adui naye anapungukiwa na roho moja. Basi siafu wakifa kumi, adui kapoteza roho kumi. Na ipo karata ya Kiota, inayokuruhusu kuchungulia fungu lako na kutoa karata moja uitakayo. Moja inamwita mwenziwe, mwenziwe anamlinda wa tatu.

"Hizi zinasikilizana, kaka," alisema Nahodha. "Karata zenu nyie ni kubwa, lakini kila moja inapigana peke yake."

Majid alicheka, akamwambia wacheze. Fungu la Majid lilikuwa la majoka na majitu yaliyong'ara kwa rangi ya dhahabu, kila moja lingeweza kuwakanyaga siafu mia. Nahodha alimshinda. Kesho yake akamshinda tena. Siku ya tatu Mazin aliacha cherehani yake akaja kutazama, na siafu wa mwisho alipokufa na Majid akamaliza roho zake, Mazin alisema kwamba leo joka limetafunwa mpaka mifupa, na baraza zima likacheka. Majid naye alicheka. Lakini usiku ule, na siku zilizofuata, alikuwa akikikumbuka kile kicheko na uso unamwaka moto. Angeweza kushindwa na Badar asijali. Kushindwa na kijana wa shamba, kwa takataka walizomtupia wenyewe, hilo hakujua aliweke wapi.

Fungu lile lilikuwa na kasoro moja, na Nahodha mwenyewe aliijua. Siafu hufa upesi, na mkono hukauka. Ukicheza na mtu mvumilivu, unajikuta huna karata, na kila zamu unaokota moja tu. "Nnahitaji kitu cha kuujaza mkono," alikuwa akisema. Alisema mara nyingi, mbele ya kila mtu.

Alhamisi moja, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Nahodha alikuja barazani akiwa bado na unga wa mbao kwenye nywele. Alikuwa amenunua kipakti kimoja Darajani, cha kwanza katika maisha yake. Ndani yake palikuwa na karata ambayo hakuna aliyeiona kabla, ya Mpiga Ngoma: mzee amekaa kwenye mwamba, ngoma kaipakata mapajani, mikono kaiinua. Nahodha alimkabidhi Majid kwa mikono miwili.

"Hebu nisomee, kaka."

Majid akaisoma kimya kimya. Karata ilisema kwamba kila kiumbe wako atakapokufa, utaongeza karata moja mkononi. Lakini neno lililotumika halikuwa lile la kila siku la kuokota, ambalo hata Nahodha alikwisha kulitambua kwa sura yake. Lilikuwa neno zito, la vitabuni. Majid alilijua kwa sababu liliwahi kuja katika mtihani wake Maskati. Aliliona, akalielewa, na akaona vilevile jambo lote kwa mara moja: siafu wanakufa, adui anapoteza roho, mkono unajaa, siafu wengine wanaingia, na hakuna wa kulizuia fungu hilo, si hapa wala Dar es Salaam. Na mwenye fungu hilo ni Nahodha.

Hakukaa akafikiri. Baadaye alijaribu kujitetea mbele ya nafsi yake kwamba ulimi uliteleza, lakini haukuteleza. Alipata muda wa kumeza mate.

"Kila kiumbe wako akifa," alisema, "unatupa karata moja ya mkononi."

Nahodha aliipokea karata, akaitazama ile picha. "Unatupa?"

"Unatupa."

"Basi huyu ndo adui yangu mwenyewe," alisema Nahodha, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyepewa khabari ya kawaida ya dunia.

Majid alimwambia kwamba yeye anapenda kukusanya zilizo adimu, hata zisizofaa, kwa ajili ya picha tu, na kwamba yuko tayari kumpa joka lake moja la dhahabu kwa hiyo. Nahodha alikataa mwanzo. Alisema joka lile ni kubwa mno, badilishano hilo si la haki. "Utapunjika, kaka," alisema. Majid akasisitiza, wakabadilishana, na Nahodha akamshukuru mara mbili. Mazin, aliyekuwa akisikia yote kutoka kibandani kwake, alisema kwamba Majid ana moyo.

Maha aliiona karata ile siku hiyohiyo, juu ya meza ya chakula. Alikuwa kidato cha nne, msomaji, na Kiingereza chake kilikuwa kinakaribia cha kaka yake. Aliisoma akauliza nani katoa kitu kama hiki. Majid akajibu kwamba imo katika zile za Badar, na Maha hakuuliza tena.

Wakati wa Ramadhani ilikuja khabari kwamba kijana mmoja wa Dar es Salaam, anayeitwa Hasan, angekuja baada ya Idi kuendesha mashindano ya karata za majeshi katika ukumbi mmoja wa Vuga. Watu kumi na sita wangecheza, na mshindi angealikwa Dar mwezi wa Februari kucheza na wenziwe wa bara. Baraza zima likapata wahka. Nahodha akamwendea Majid kutaka shauri: aende na siafu wake, au sasa kwa kuwa ana joka ajaribu jengine?

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Majid angeweza kusema, ile karata hebu niitazame tena, nahisi nilikosea. Neno moja tu, na lingepita kama kosa. Badala yake alimwambia kwamba siafu wanafaa barazani, kwa watu wanaojuana, lakini watu wa Dar wamezoea kucheza kwa subira na watamkausha mkono. Alimshauri aende na wakubwa, akamwongezea majitu mawili ya kuchanganya na karata zake nyengine, ili apate fungu la kueleweka.

Nahodha aliamini. Kesho yake alikuja na siafu wake wote ndani ya kiboksi cha mbao alichokitengeneza mwenyewe, pamoja na wazishi na viota, akampa Majid. Alisema hawa wamemfikisha alipofika, na kwa kuwa yeye hatawatumia, asingependa wazagae. Majid akakipokea kile kiboksi. Kilikuwa chepesi, kimepigwa randa mpaka kinateleza mkononi.

Mwezi mzima wa Ramadhani, kila baada ya kufuturu, Majid alijifungia chumbani na lile fungu. Hakuvumbua kitu. Kila alipodhani ameona namna mpya ya kuzifunganisha karata zile, aligundua kwamba Nahodha alikwisha kuiona: idadi ya viota, idadi ya wazishi, hata karata moja ya Kisima aliyodhani imewekwa kwa kukosa nyengine. Aliitoa, akacheza peke yake mikono kumi, akajua kwa nini ilikuwamo, akairejesha. Alichoongeza yeye ni Mpiga Ngoma tu. Na fungu likageuka kitu cha kutisha. Wakati mwengine lilimpa furaha, na furaha hiyo ikimjia alikuwa akizifunika karata kwa kiganja, kama mtu aliyeingiliwa chumbani.

Siku ya mashindano, Jumapili ya katikati ya Disemba, aliwaambia wenziwe kwamba fungu lake ni la siri. Alijipa matumaini ya kijinga: kwamba Nahodha atacheza meza ya mbali, atatolewa mapema, atakwenda zake.

Sehemu ya kwanza ilitimia. Nahodha alitolewa duru ya kwanza. Joka lake na majitu yalikaa mkononi yakisubiri nguvu za kuyatia uwanjani, na mpinzani wake, kijana wa Mbweni, akammaliza mapema. Lakini hakwenda zake. Alizikusanya karata, akavuta hatua, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Majid, akaushika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Nnakusimamia, kaka," alisema. "Mmoja wetu afike."

Majid alishinda duru mbili bila ya kumtoa Mpiga Ngoma. Siafu wenyewe walitosha. Alimsikia Nahodha nyuma yake akipumua kwa mshangao alipowaona wadudu wake wakiingia uwanjani, kisha akacheka chini kwa chini, cheko la mtu anayefurahi. Hakuuliza kwa nini. Pengine alidhani Majid kawapenda.

Katika nusu fainali mpinzani alikuwa mmoja wa wale waliokuja na Hasan kutoka Dar, mtu mpole wa miwani, na kweli alikuwa na subira. Hakumwua siafu hata mmoja bila ya sababu. Roho za Majid zikashuka mpaka nne. Mkono wake ukakauka. Alibakiwa na karata mbili: Kiota, na siafu mmoja.

Alijua kwamba akicheza Kiota akatoa kitu chengine chochote zaidi ya Mpiga Ngoma, atashindwa. Alijua vilevile kwamba kushindwa pale pale kungekuwa mwisho wa jambo, na hakuna ambaye angejua. Alikaa na karata ile mkononi mpaka Hasan, aliyekuwa mwamuzi, akamkumbusha kwamba zamu ni yake.

Akacheza Kiota. Akachungulia fungu lake, akamtoa Mpiga Ngoma, akamlaza mezani.

Yule wa miwani aliinama kuitazama, akasema hajawahi kukutana nayo, akamwomba mwamuzi aisome. Watu walikuwa wamejikusanya. Hasan aliiinua ile karata juu, akaisoma kwa Kiingereza, kisha, kwa ajili ya waliosimama, akaifasiri kwa sauti ya kutangaza.

"Kila kiumbe wako akifa, unaongeza karata moja mkononi."

Mikono ya Nahodha ilikuwa bado kwenye mgongo wa kiti. Kwa mchezo mzima Majid alikuwa akihisi uzito wake, kiti kikivutwa nyuma kidogo kila alipoegemea. Sasa alihisi kiti kinakuwa chepesi. Hakugeuka. Alitazama mbele, kwenye karata, na mikono ikaendelea kucheza kama inavyojua. Siafu walikufa, akaongeza; akawaingiza wengine, wakafa, akaongeza. Watu walianza kupiga makofi kabla roho za yule bwana hazijamalizika. Fainali nayo haikuchukua hata nusu saa.

Alipoinuka hatimaye kupokea sanduku la vipakti na kuandikwa jina lake kwa safari ya Dar, Nahodha alikuwa bado ukumbini, karibu na mlango. Alisubiri watu wapungue, akaja, akampa mkono.

"Hongera, kaka," alisema, akatoka.

Maha alipata khabari kwa Mazin, ambaye alimsimulia kwa furaha jinsi ile karata aliyoipata Nahodha, ile mbovu, ilivyogeuka kuwa nzuri siku ya mwisho. Mazin mwenyewe alidhani Majid alikosea kuisoma mwanzo na kwamba bahati imemwangukia. Maha alipanda juu, akamkuta kaka yake amekaa na lile sanduku ambalo bado hakulifungua.

"Lile neno la karata si gumu, Majid," alisema. "Mimi mwenyewe nnalijua."

Maha alisimama kidogo mlangoni, kisha akashuka.

Wiki mbili Nahodha hakuonekana barazani. Wenzake waliuliza, na Majid akasema labda kazi zimemzidi. Mwishowe alikwenda karakana, Mkunazini. Fundi mkuu akamwambia Nahodha kaomba ruhusa, kenda kwao kumsaidia mamake kuezeka upya nyumba. Majid aliazima vespa ya Mazin. Mazin alimuuliza anakwenda wapi, akasema kuna mtu anamdai neno.

Alimkuta Nahodha nyuma ya nyumba, ameinamia mbao juu ya benchi la kienyeji, akipiga randa. Mamake, Bi Mwanapili, alitoka jikoni akijifuta mikono. Majid akamwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba," kisha akasema maneno mengi kwa Kikae, lugha yao ya Makunduchi, upesi upesi, akimtazama mgeni usoni. Majid alishika neno moja moja tu. Alimgeukia Nahodha.

"Anasema karibu," alisema Nahodha.

Mama akaendelea kusema, na mara hii alisita katikati, akaonyesha mkono kuelekea kwa mwanawe.

"Anasema utakula muhogo."

Majid alihisi yaliyosemwa yalikuwa zaidi ya muhogo. Lakini hakuwa na njia ya kujua, na hakuwa na uso wa kuuliza. Alisema ahsante. Aliletewa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akala vyote, kwa kuwa kubakisha ingekuwa kosa jengine.

Bi Mwanapili alipoondoka na sahani, Majid alikitoa kile kiboksi cha mbao mfukoni, akakiweka juu ya benchi, na karata ya Mpiga Ngoma juu yake.

"Nilikusomea makusudi vile," alisema. "Sikukosea."

"Nnajua."

"Umejuaje?"

Nahodha alipuliza vumbi kwenye randa. "Ungekuwa umekosea, ungegeuka ukanitazama. Mtu aliyekosea hugeuka."

Majid alikuwa amejitayarisha njia nzima kwa maneno ya hasira, na maneno hayo hayakuja. Aliomba radhi. Nahodha alisema ameshamsamehe, alisema upesi, kama mtu anavyojibu salamu, kisha akakaa kitako juu ya gogo na kuanza kuzungumzia jambo jengine.

"Unaikumbuka ile hati ya milango?"

Majid aliikumbuka. Miezi michache kabla ya hapo, hoteli moja ya pwani ya mashariki ilimwagiza Nahodha milango sita ya kuchonga, akapewa hati ya Kiingereza atie saini, na Majid ndiye aliyemsomea kifungu kwa kifungu, akamwambia ni hati nzuri. Nahodha akatia saini. Milango bado ilikuwa inachongwa.

"Ile nilikusomea sawa," alisema Majid. "Wallahi, Nahodha, ile ilikuwa sawa."

"Nnajua. Jumatatu niliipeleka skuli hapa, mwalimu akanisomea." Alifuta unga wa mbao mikononi. "Akasema vilevile ulivyosema wewe. Nikamwomba arejee tena mara ya pili."

Hakulisema kwa kuumiza. Alikuwa akitazama mikono yake, na Majid akaona kwamba Nahodha mwenyewe anaona haya kulisema. Hapo ndipo aibu ilipomshika barabara. Ile ya ukumbini ilikuwa ya kuogopa kuonekana. Hii ilikuwa ya kumwona mtu amesimama mbele ya mwalimu wa skuli, hati mkononi, akiomba asomewe tena, kwa sababu yake yeye.

Nahodha alikifungua kiboksi, akawahesabu siafu wake, akamchukua Mpiga Ngoma. Kisha akaingia ndani, akarudi na joka la dhahabu na yale majitu mawili, akampa Majid. Majid alisema hayataki. Nahodha akasema badilishano limevunjika, na kila mtu achukue chake. Majid akayachukua.

Ijumaa iliyofuata, vijana walipojikusanya barazani, Majid aliwaeleza yote. Alieleza kwa maneno machache, na hakuna aliyemsaidia kwa kusema kwamba si kitu. Mazin alirudi kwenye cherehani yake kabla Majid hajamaliza. Majid akamwandikia Hasan kwamba anajitoa na kwamba nafasi ya Dar ni haki ya Nahodha, aliyelitengeneza lile fungu. Hasan akajibu kwa adabu kwamba sheria hazimruhusu kumpa mtu aliyetolewa duru ya kwanza. Akapelekwa aliyeshindwa fainali.

Kisha kila mtu akataka karata zake zisomwe upya. Maha ndiye aliyesoma, akiwa amekaa kitini ndani ya mlango, nao wakimpitishia kutoka barazani, moja moja, jioni nne mfululizo. Katika mamia ya karata alikuta mbili ambazo Majid alizifasiri vibaya. Zote mbili zilikuwa makosa ya kweli. Moja hata ilimdhuru yeye mwenyewe. Majid alieleza hivyo. Hakuna aliyembishia, na alitamani wangembishia.

Nahodha alirudi mjini mwezi wa Februari, baada ya Idi ya kuchinja, na jioni moja akaja barazani kama zamani, akavua viatu, akasalimia watu wote, Majid akiwa wa mwisho. Wachezaji wakagawanywa kwa kura, na kura ikawatupa wao wawili pamoja.

Walicheza kwa utulivu. Nahodha alikuwa na siafu wake, na katika zamu ya tano alitia karata ambayo Majid hakuwahi kumwona nayo. Alianza kuisoma mwenyewe, kidole kikifuata maandishi, herufi kwa herufi. Akakwama katika neno moja. Hakumtazama Majid. Alimgeukia Mazin, akamwonyesha.

Mazin alikunja uso, akasema anadhani maana yake ni kwamba karata hiyo inafanya kazi mara moja tu, kisha inatoka.

Haikuwa hivyo. Ilifanya kazi kila zamu. Kama ingechezwa kwa maana ya Mazin, Majid angeshinda zamu mbili mbele, na hakuna mtu pale ambaye angemlaumu, kwa kuwa hakuulizwa. Alikaa akitazama karata zake. Ilikuwa kama siku ile ya Alhamisi tena.

"Siyo hivyo," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akalazimika kurejea. "Siyo mara moja. Ni kila zamu. Inakufaa wewe."

Nahodha alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu afike, akamtazama kwa muda. Kisha akainua sauti kidogo kuelekea mlangoni.

"Bi Maha."

"Naam," aliitikia Maha kutoka ndani.

"Hebu nisomee hii, tafadhali."

Karata ikapita kutoka mkono hadi mkono mpaka mlangoni. Majid alisubiri, ameinamisha kichwa. Masikio yalikuwa yanamwaka, na hakuinua mkono kuyafunika. Maha aliisoma mara moja kimya, mara moja kwa sauti, akasema ni kila zamu.

Karata ikarudi. Nahodha akaiweka mahali pake uwanjani, akainyoosha kwa kidole mpaka ikakaa sawa.

"Haya," alisema. "Zamu yako."